Nani Aliyeifunga Vali? Uchambuzi wa Kisa cha Mswada wa Bunilizi ya Kisayansi

Kuhusu kisa hiki

Kisa hiki kinahusu mswada wa riwaya, kikundi cha wasomaji jijini Nairobi, na mzozo uliozuka juu ya mhusika mmoja: nahodha wa chombo cha kivita cha angani anayetii amri mbaya huku moyo ukimuuma. Nimekiandika kwa ajili ya waandishi na wahariri wa Kiswahili wanaoshughulikia bunilizi ya kisayansi. Atakayeandika juu ya dola yenye majeshi na sayari za kutawala atakutana na swali lililotushika sisi: mtu mwema aliye ndani ya jeshi la dola anapimwa kwa kipimo gani?

Majina ya watu, ya mswada, ya kikundi na ya ukumbi yameondolewa. Mwandishi na msomaji aliyempinga wamesoma maelezo haya na wameridhia yatolewe, pamoja na yale ya familia zao.

Usuli

Kikundi hukutana Jumamosi alasiri katika ukumbi mmoja wa Eastlands. Wamo walimu, wanafunzi wa chuo, mhasibu, mwanamke anayeuza vitabu vya mitumba, na watu wawili watatu ambao hawaandiki lakini hawakosi kikao. Mswada hutumwa kwa WhatsApp siku chache kabla. Siku ya kikao mwandishi husoma kurasa zake kwa sauti, kisha hunyamaza mpaka kila mtu amalize kusema. Mimi ndiye mratibu.

Mwandishi wa mswada huu ni kijana wa miaka thelathini hivi, fundi wa vifaa vya hospitali. Kazi yake kubwa ni mitambo ya oksijeni: mitungi, mabomba, geji za kupimia na vali za kufungulia na kufungia hewa. Msomaji aliyempinga ni mwalimu mstaafu aliyepita miaka sabini, ambaye sote tunamwita Mwalimu.

Riwaya yenyewe inahusu dola inayotawala sayari kadhaa. Katika mwezi wa mojawapo ya sayari hizo kuna koloni la wachimba madini wanaoishi chini ya ardhi kwa hewa ya mitambo. Wachimba madini wanagoma. Makao makuu yanatoa amri: wapunguziwe hewa kwa saa sita, mpaka warudi kazini. Nahodha, aliyelelewa na nyanya mcha Mungu, anakesha usiku kucha akisali, kisha anatia saini. Watu arobaini wanakufa. Nahodha anamficha mtoto mmoja katika chombo chake, na sehemu iliyobaki ya riwaya inafuata majuto yake.

Kipande kilicholeta mzozo kilikuwa hiki:

*Aliweka kidole juu ya kioo. Chozi likadondoka karibu na jina lake. Hewa ikafungwa, na mwezi wote ukanyamaza.*

Kwa lugha ni kipande kizuri, na ukumbini watu kadhaa walikuwa wameguswa kweli alipokisoma.

Kikao cha kwanza

Mwalimu alisubiri mpaka wengine wamalize. Kisha akasema, bila kupandisha sauti:

"Mwanangu, umeandika vizuri. Nahodha wako nimemwelewa. Sasa niambie, hiyo hewa ameifunga nani?"

Utaratibu ulimtaka mwandishi anyamaze, lakini swali lilikuwa limemlenga yeye. Akajibu, "Ni nahodha, Mwalimu. Ametia saini."

"Saini haifungi vali. Fundi wa mitungi ni wewe, si mimi."

Akaendelea kueleza. Baba yake alikamatwa Aprili 1954 katika Operesheni Anvil, wanajeshi na polisi walipoizingira Nairobi na kusaka nyumba kwa nyumba. Wanaume walipitishwa mbele ya watu waliofunikwa magunia yenye matundu ya macho, na mwenye gunia akitikisa kichwa ilikuwa imekwisha. Baba yake alipelekwa katika kambi ya kizuizini ya Manyani. Mwalimu akasema: "Mzungu aliyeandika ile amri baba hakumwona hata siku moja. Aliyemtikisia kichwa alikuwa mtu tunayefahamiana naye. Aliyemfunga kamba alitoka kijiji kimoja naye. Ukiniandikia dola, niandikie hao."

Hapo mwanafunzi mmoja wa chuo akadakia kwamba huyo nahodha ni kamatimu mwenye roho nzuri, basi. Wasomaji wa nje ya Kenya wajue kwamba makamatimu walikuwa Waafrika wa kikosi cha ulinzi kilichopigana upande wa serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, yaani miaka ya vita dhidi ya wapiganaji wa uhuru wa Mau Mau, na mpaka leo neno hilo likitajwa Kenya ya kati ni tusi zito. Mwandishi alikusanya karatasi zake, akashukuru kwa adabu, akatoka.

Usiku akaniandikia kwamba anauondoa mswada. Babu yake, baba wa baba yake, alikuwa kamatimu. Mzee huyo katika miaka yake ya mwisho alikuwa akitokwa na machozi akiwa amekaa peke yake nje, na hakuna aliyethubutu kumuuliza kisa. Mwandishi alianza riwaya hii ili amtafutie babu maneno. Lile chozi juu ya kioo lilikuwa chozi la mtu anayemjua.

Maamuzi, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutolirudisha suala hili kikundini mara moja. Kikundi kingegawanyika kwa ukoo na kwa historia, kila mmoja akatetea wazee wake, na mswada ungesahaulika. Nilizungumza na kila mmoja peke yake, na Mwalimu mwenyewe ndiye aliyeomba wakutane, wao wawili pamoja na mimi. Alipoambiwa habari za yule babu, kwa idhini ya mjukuu, alikaa kimya kwa muda mrefu. Kisha akasema hajabadilisha swali lake, ila sasa anataka kulijua jibu zaidi kuliko mwanzo.

Uamuzi wa pili ulikuwa kutenganisha mambo mawili yaliyochanganyikana. La kwanza: je, nahodha ni mtu mwema? La pili: je, ukurasa unamwonyesha msomaji kilichotendeka? La kwanza linaweza kubishaniwa mpaka kuche. La pili linaweza kuangaliwa mstari kwa mstari. Tukakubaliana kuanza na la pili.

Ndipo mwandishi akachukua kalamu akachora mtambo. Hospitalini, alieleza, mitungi ya oksijeni hupangwa safu mbili, moja ya kutumika na moja ya akiba. Ya kwanza ikipungua, mtambo huhamia ya pili wenyewe na king'ora hulia. Umetengenezwa hivyo kwa makusudi, ili uzembe wa mtu mmoja usimnyime mgonjwa pumzi. Kwa hiyo huwezi kuwakatia watu hewa kwa kidole kimoja juu ya kioo. Lazima mtu afunge safu ya kwanza, mtu afunge ya akiba, mtu anyamazishe king'ora, mtu alinde mlango ili wa ndani wasije kuifungua kwa mkono, na mtu aandike kila saa geji inasoma ngapi. Ongeza aliyepokea amri kwa redio na aliyetia saini. Alipomaliza kuhesabu walikuwa saba, na katika sura yake aliyekuwa na uso ni mmoja tu. Aliuangalia mchoro wake mwenyewe, na sikuhitaji kuongeza neno.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kwenda pamoja Kenyatta Avenue kuziangalia zile sanamu tatu za shaba zilizosimamishwa mwaka 1928 kuwakumbuka Waafrika waliotumikia jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza. Wakazi wa Nairobi huzipita kila siku wakiwahi matatu. Maandishi yake yako kwa Kiingereza, Kiarabu na Kiswahili, na yanawataja wapagazi waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Hao ndio Carrier Corps walioacha jina lao katika mtaa wa Kariokor, wanaume waliokusanywa kwa maelfu, wengi kwa nguvu, wakabeba risasi na unga mpaka wakafa kwa kuhara na malaria.

Maneno ya kwenye jiwe aliyatunga mwandishi Mwingereza Rudyard Kipling. Huyohuyo aliandika bunilizi ya kisayansi. Mwaka 1912 alichapisha hadithi inayotokea mwaka 2065, ambamo bodi ya usafiri wa anga inaitawala dunia na kutuma manowari za angani kutuliza ghasia Chicago. Zinatumia mianga na sauti kali mpaka watu wanalala chini, na hakuna anayeuawa. Ni dola yenye nguvu zote na mikono safi. Ukisoma kwamba baadaye mtu huyo aliwaandikia wapagazi wafu kuwa walikuwa mikono na miguu, unaona mambo mawili yaliyokaa katika kichwa kimoja bila kugongana: jeshi la ndoto lisilohitaji mikono, na jeshi halisi lililoila mikono ya watu. Kwa maoni yangu hilo ndilo shimo ambalo bunilizi ya kisayansi imechimbiwa tangu mapema. Teknolojia ya kubuni huondoa mikono kirahisi mno. Kitufe kinabonyezwa, hewa inafungwa, na anayebaki jukwaani ni afisa na dhamiri yake.

Wapo walioliona shimo hilo. Katika *Ancillary Justice* ya Ann Leckie, ya mwaka 2013, wanajeshi wa dola ni miili ya watu waliotekwa, akili zao zimeondolewa, nayo inaendeshwa na akili unde ya chombo cha kivita. Msimulizi ndiyo hiyo akili ya chombo. Inapoamriwa kumuua luteni inayempenda, inatii kwanza, na ndipo inaigeukia dola. Nilimpa mwandishi kitabu hiki kwa sababu moja: kinampa usimulizi yule ambaye riwaya nyingine ingemfanya kifaa, miguu na mikono kwa maana halisi kabisa.

Njia tatu za nahodha

Lilibaki suala la nahodha mwenyewe, na hapa tulikaa muda mrefu kuliko popote. Mwandishi aliona njia tatu: atii na kujuta, akatae na kujiuzulu, au abaki na kuihujumu amri kwa siri.

Mwanzoni alivutiwa na ya pili, na vijana kadhaa wa kikundi waliipenda. Nikamweleza kisa cha Arthur Young. Huyu alikuwa afisa wa polisi kutoka London aliyeletwa mwaka 1954 kuwa kamishna wa polisi wa Kenya. Alitaka polisi wachunguze kwa uhuru mauaji na mateso yaliyofanywa na watu wa upande wa serikali, makamatimu wakiwemo. Hakuruhusiwa. Kabla mwaka haujaisha alijiuzulu na kurudi kwao. Januari 1955 Gavana Evelyn Baring akatangaza msamaha uliowakinga na mashtaka hata wale wa upande wa serikali waliotenda unyama. Kujiuzulu kwa Young kulikuwa tendo la heshima, na simpunguzii chochote. Lakini mashine haikusimama hata siku moja. Nahodha anayerusha kofia mezani na kuondoka akiwa msafi anamwachia naibu wake kalamu.

Njia ya tatu tuliikataa upesi. Ilikuwa inageuza hadithi kuwa ya ushujaa wa afisa, wachimba madini wakiokolewa bila kufanya lolote.

Ndipo Mwalimu akasema jambo ambalo sikulitegemea kutoka kwake. Alisema anaogopa jinsi tunavyoifurahia ile hesabu ya mikono. "Mkihesabu mikono sana, aliyeandika amri ataponea humo humo. Kila mtu atakuwa na hatia kidogo, na kidogo ni kama hakuna." Alikuwa sahihi. Nikakumbuka kwamba kilichowafikisha wazee wa Mau Mau mbali walipoishtaki serikali ya Uingereza kwa mateso katika Mahakama Kuu ya London kilikuwa karatasi, pamoja na makovu yao. Mwaka 2011 serikali ya Uingereza ilikiri kwamba ilikuwa imeficha maelfu ya faili za makoloni yake huko Hanslope Park, kituo chake nchini Uingereza. Humo na katika nyaraka nyingine za enzi ile mna barua za wakubwa. Mojawapo ni ya mwaka 1957, ya mwanasheria mkuu wa koloni, Eric Griffith-Jones, akimwambia Gavana kwamba kama ni lazima watende dhambi, basi waitende kimyakimya. Juni 2013 Uingereza ilikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa malalamiko ya watu 5,228, ikatamka masikitiko yake, na bado ikakataa kukubali dhima kisheria.

Saini haifungi vali, kweli. Lakini vali haiachi karatasi. Mwandishi alihitaji vyote viwili.

Mswada ulivyobadilika

Nahodha alibaki kuwa mtu wa kutii na kujuta. Alichofanya mwandishi ni kumtoa katikati. Sura ya amri sasa inapita kwa watu saba, na kila mmoja ana ukurasa wake. Anayefunga safu ya akiba ni koplo mwanamke aliyezaliwa katika mwezi uleule, ambaye mama yake anaishi chini, upande wa pili wa mlango, na hupata mgao bora wa chakula kwa sababu binti yuko jeshini. Kipande kipya ni hiki:

*Koplo alishika gurudumu la vali ya akiba. Lilikuwa baridi mpaka likamuuma kiganja. Akalizungusha robo, akasimama, akamtazama mwenzake aliyekwisha kuzima king'ora. "Malizia," mwenzake akasema. "Chakula kinapoa." Akamalizia.*

Halafu yuko karani. Baada ya vifo, makao makuu yanaagiza taarifa iandikwe kwamba mtambo ulipata hitilafu. Mwandishi alichota hapa kutoka kambi ya kizuizini ya Hola. Machi 3, 1959, wafungwa 85 waliokataa kazi ya kulazimishwa walitolewa nje, wakapigwa na askari jela, na 11 wakafa. Tangazo la kwanza la serikali lilidai walikufa baada ya kunywa maji ya gari la maji. Katika riwaya, karani anaandika hitilafu kama alivyoagizwa, kisha anatoa nakala ya amri yenye saini ya nahodha na kuiweka katika faili la orodha ya mablanketi, mahali ambapo hakuna mkubwa atakayetafuta. Hana ujasiri mwingine zaidi ya huo, na anaendelea na kazi yake mpaka anastaafu.

Chozi lilihamishwa. Sasa linaonekana miaka mingi baadaye, nahodha akiwa mzee amekaa nje peke yake, na anayeliona ni mjukuu anayeogopa kuuliza.

Matokeo

Sura hizo zilisomwa tena kikundini miezi kadhaa baadaye. Mwalimu alisema kipande cha gurudumu la vali hakikumpa usingizi usiku alipokipokea, na akamwomba mwandishi akisome tena. Wawili hao sasa hupigiana simu bila mimi. Mwalimu amempa kijana baadhi ya mambo ambayo baba yake alisimulia kuhusu Manyani, kwa sharti kwamba asiyahamishe mwezini jinsi yalivyo.

Yule mwanafunzi hajarudi. Alitumiwa ujumbe mara kadhaa, akajibu kwa heshima kwamba ana mitihani.

Mchapishaji mmoja aliyeusoma mswada aliusifu, kisha akataka nahodha arudishwe katikati, kwa hoja kwamba msomaji anahitaji mtu mmoja wa kumshabikia na koplo "anakatisha tamaa". Mwandishi alikataa, na mswada unaendelea kutafuta mlango mwingine. Naunga mkono uamuzi huo kwa moyo wote, ingawa najua maana yake kwa kijana ambaye hajawahi kuchapishwa.

Uchambuzi: kilichofaa

Kilichofaa kuliko vyote ni umbo la swali la Mwalimu. Hakuuliza kama nahodha ni mbaya. Aliuliza tendo limefanywa na nani. Mwandishi anapoulizwa juu ya wema wa mhusika wake hujitetea, kwa sababu ndani ya mhusika mna mtu wake. Akiulizwa ni nani aliyegusa vali, hana budi kurudi kwenye ukurasa. Wahariri wanaosoma bunilizi za dola na majeshi wanaweza kulitumia swali hilo karibu kila sura: makombora yamepakiwa na nani, kijiji kimeteketezwa na nani, orodha imepigwa chapa na nani. Ndege za kivita za Waingereza, za aina ya Lincoln, zilizolipua misitu ya Aberdare na Mlima Kenya katika miaka ya 1953 hadi 1955 ziliruka kutoka uwanja wa Eastleigh, si mbali na ukumbi wetu. Zilihitaji watu wa kuzitia mafuta na kufagia njia. Kwa msomaji wa Nairobi, hao ni majirani.

La pili ni kazi ya mwandishi mwenyewe. Mswada wa kwanza uliiweka kando kana kwamba riwaya ni mahali pa kuacha ovaroli mlangoni. Ujuzi wa mtambo ndio uliotoa watu saba, na watu saba ndio waliotoa maadili. Hoja za falsafa tulizokuwa tumeanza nazo hazikutufikisha popote mpaka tulipokuwa na mchoro.

La tatu ni jinsi historia ilivyotumika. Hola haikuhamishwa mwezini na majina kubadilishwa. Kilichochukuliwa ni namna uongo ulivyofanya kazi: vifo, kisha maelezo ya kiufundi yanayoufanya mtambo au maji yawe mkosaji. Sitapenda kamwe mateso ya wazee wetu yawe mapambo ya sayari ya kubuni. Utaratibu wa dola, hata hivyo, ni mali ya yeyote anayeandika kuuhusu.

Kuhusu uzito wa hatia, naona riwaya imepata jibu kwa kupima bei. Nahodha angekataa, angepoteza chombo chake na pensheni. Koplo angekataa, mama yake angelala njaa. Karani angekamatwa na ile nakala, angenyongwa. Msomaji anaziona bei hizo bila kuambiwa amhukumu nani. Wakati wa Hali ya Hatari watu walikuwa na mizani kama hiyo: aliyejiunga na makamatimu aliepuka kazi za kulazimishwa, na cheti cha uaminifu kilimfungulia njia zilizofungwa kwa jirani yake. Kulieleza hilo si kumsamehe mtu. Ila bila hilo huelewi kwa nini mikono ilipatikana kwa wingi vile.

Uchambuzi: kilichoshindikana

Kanuni ya mwandishi kunyamaza ilishindwa. Inafaa kwa mijadala ya muundo na lugha. Panapoguswa damu ya mtu inamfanya aketi akipigwa bila mkono wa kujikinga. Tangu kisa hiki, mwandishi katika kikundi chetu anaruhusiwa kusimamisha mjadala kwa neno moja, bila kutoa sababu.

Neno kamatimu nalo halikushughulikiwa kikundini mpaka leo. Mazungumzo ya watu watatu yaliwaponya wawili, lakini waliobaki ukumbini siku ile walirudi nyumbani na neno likiwa limeachwa mezani. Wengine wana babu za upande huu, wengine za upande ule, na mmoja aliniambia baadaye kwamba yeye ana wa pande zote mbili.

Katika mswada wenyewe, kasoro kubwa inabaki: wachimba madini. Watu saba wa jeshi wana majina, miili na bei zao. Watu arobaini waliokufa bado ni arobaini. Tunajua waligoma, hatujui nani alisimama kwanza kusema tuache kazi, wala walibishana nini usiku wa kuamkia mgomo. Mwalimu amelisema hili mara mbili. Mtoto aliyefichwa naye bado ni kifaa cha majuto ya nahodha, na sioni anavyoweza kubaki katika umbo hilo.

Mwandishi ameanza sura mpya inayotokea chini ya ardhi, siku tatu kabla ya amri, katika chumba cha kupikia ambapo mama wa koplo anagawa uji kwa wagomaji kutoka kwenye ule mgao bora. Ameandika kurasa nne, na kikundi kitazisoma mwezi ujao.